Jembe na Nyumba: Mpigakura wa Usukumani (4)

Sehemu iliyopita tulimwacha Mtemi Kidaha Makwaia wa Shinyanga akiingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945 kwa kuteuliwa, na watu wa Geita wakilikataa baraza la mseto wa rangi mwaka 1958. Leo ilikuwa zamu ya ushirika wa pamba. Lakini mchujo wa CCM wa Julai 2025, uliokata majina kabla wajumbe hawajapiga kura za maoni, jina la Luhaga Mpina wa Kisesa likiwamo, umenirudisha kwenye uchaguzi wa 1965, darasa tuliloliacha mapema mno.

Chama kilikuwa kimoja, TANU, lakini mwananchi hakuletewa jina moja. Mkutano mkuu wa wilaya ulipiga kura, Halmashauri Kuu ikarudisha majina mawili na, kwa sehemu kubwa, ikaheshimu matokeo ya wilaya. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Walizunguka jimbo pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakajibu maswali ya watu walewale. Kabila na dini havikutajwa, wala hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba Mwalimu Nyerere anamtaka yeye. Mwongo angejificha wapi, na mpinzani wake ameketi kando akimsikiliza?

Mwanza Mashariki alisimama Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyewaunganisha wakulima wa pamba katika Shirikisho la Victoria mwaka 1955. Akaangushwa nyumbani kwake. Wapigakura walikumbuka mema yake, na bado wakamhukumu kwa ya wakati ule. Nyerere alimrudisha bungeni kwa uteuzi, na hapo, kwa maoni yangu, sauti ya wakulima ilipunguzwa uzito.

Vyama vingi vilipokuja, tabia hiyo ya wapigakura kuhukumu wenyewe haikufa. Mwaka 2005 Bariadi Mashariki, wakati huo mkoa wa Shinyanga, ilimchagua John Cheyo wa UDP. Mwaka 2010 Bukombe ikampa Profesa Kulikoyela Kahigi wa CHADEMA, huku Stephen Masele wa CCM akitangazwa mshindi Shinyanga Mjini kwa kura moja tu. Mwaka 2015 Bukombe ikarudi CCM kwa Doto Biteko, na Kahama ikamkataa James Lembeli aliyehamia CHADEMA. Watu hawa hawafuati bendera kwa upofu.

Basi kwa nini tuwachagulie kabla hawajachagua? Mtasema wajumbe huhongwa. Naam, anayehonga wajumbe usiku ni mwizi, lakini dawa yake ni mchana: warudishiwe wananchi majina zaidi ya moja, na wagombea wasimame jukwaa moja Kahama, Geita, Kishapu, waulizwe habari za wachimbaji wadogo na bei ya pamba.

Itaendelea.