Kijana Mwenye Chupa ya Gundi Asikimbizwe

Kila askari aliyewahi kufanya doria katika soko la Konyo Konyo mjini Juba amewaona: vijana wadogo, wengine hawajabaleghe, wameshika chupa ya plastiki karibu na pua, na ndani yake gundi ya viatu. Desturi iliyozoeleka ni kuwatimua kwa fimbo. Tunaandika leo kuwaomba ndugu zetu wa jeshi na polisi waitazame upya desturi hiyo, kwa kuwa ina hatari isiyojulikana na wengi.

Mvuke wa gundi huingia mapafuni, hupita katika damu na kufika ubongoni kwa muda mfupi mno. Humsahaulisha mtoto njaa na hofu ya usiku, na hapo ndipo mtego ulipo. Lakini mvuke huo huo huuvuruga mwendo wa moyo. Madaktari wameeleza kwamba aliyetoka kuvuta, akishtuliwa ghafla au akikimbizwa, moyo wake waweza kwenda mrama na kusimama papo hapo, hata ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kuvuta. Hivyo mbio za askari mmoja nyuma ya mtoto mmoja zaweza kumwua mtoto huyo pasipo risasi wala kipigo. Asogelewe taratibu, aongeleshwe kwa sauti ya chini, apelekwe penye hewa safi. Akizirai alazwe ubavu, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kumtia mahabusu nako si tiba. Sudan Kusini ilijiunga na Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 2015, na mkataba huo unaagiza mtoto akingwe na dawa za kulevya, na kifungo kiwe hatua ya mwisho kabisa. Tunajua ugumu uliopo. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza kuwa nchi nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa magonjwa ya akili, na kwamba wadi yao katika hospitali kuu ya Juba ilikuwa na vitanda 12. Wagonjwa wengine waliwekwa gerezani ingawa hawakuwa na kosa. Askari asiye na mahali pa kumpeleka mgonjwa humpeleka anapopajua, yaani korokoroni.

Jirani zetu wa Afrika Mashariki, ambao tumo nao katika Jumuiya tangu mwaka 2016, wamekwisha kupambana na janga linalofanana na hili, nalo ni heroini. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni. Mgonjwa hufika kliniki kila siku na kunywa kipimo chake mbele ya mhudumu. Dawa hiyo humzuia asipatwe na arosto kwa siku nzima, naye akaweza kufanya kazi. Sasa fikirini: akikamatwa njiani kwa sababu tu sura yake inafahamika kuwa ya teja, kipimo cha siku hiyo kimepotea, na jioni atarudi kijiweni. Tiba ya namna hiyo humhitaji polisi kama inavyomhitaji mwuguzi.

Gundi haina methadoni yake. Kijana wa Konyo Konyo anahitaji chakula, mahali pa kulala, shule, na mtu mzima asiyechoka naye. Pengine ataacha, atarudia, ataacha tena. Kurudia huko ni sehemu ya maradhi, wala si ushahidi kwamba amekaidi.

Kinga ianzie kambini mwetu. Mtoto anayetumwa na baba yake mwenye cheo kununua araki hujifunza njia ya kwenda kwa mwuzaji kabla ya kujifunza kusoma. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019, maana bei yake ilikuwa ya mfuko wa mtoto. Marufuku hiyo kila baba aweza kuiweka nyumbani mwake bila kungoja amri.

Na makamanda wa vituo waandike katika daftari la zamu, ukurasa wa kwanza, nani atakayepokea kijana wa gundi saa nane za usiku: jamaa yake, mganga wa zamu, au wahudumu wa makao ya watoto.