Mali ya reli ya Kamina: kweli au si kweli?

Mji wa Kamina tunaoujua leo ulilelewa na reli. Njia kutoka Lubumbashi, enzi hizo Elisabethville, ilifika Bukama kwenye mto Lualaba mwaka 1918. Miaka kumi baadaye kampuni ya reli ya BCK ilimaliza njia ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Bukama hadi Ilebo kwenye mto Kasai, ikipitia Kamina. Mwaka 1956 ikaongezwa njia ya Kamina hadi Kabalo, inayoendelea mpaka Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Tangu hapo Kamina ni njia panda: treni inayotoka kusini hapa ndipo huchagua, Kasai au ziwani.

Sasa treni zimekuwa chache, na tangu 2015 Kamina ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Mji mkuu unahitaji ofisi, soko, shule, karakana za vijana. Ni kawaida basi watu kuzigeukia nyua, mabohari na nyumba za kampi ya reli. Na kila inapozungumzwa mali ya zamani, maneno huwa mengi. Tuyapime saba kati yake.

1. "Eneo la reli lililonyamaza ni eneo tupu."

SI KWELI. Aprili 2014 treni ya mizigo ilianguka Katongola, karibu na Kamina, ikaua makumi ya watu. Wengi walikuwa wamedandia. Watu hawadandii mabehewa ya mizigo kwenye njia iliyokufa. Hudandia kwa sababu ndiyo njia waliyonayo. Hata pale treni isipopita kwa siku nyingi, kando ya reli kuna bustani za mboga, meza za biashara, vijia vya watoto wa shule na familia zilizoishi hapo vizazi viwili au vitatu. Ramani inayoonyesha eneo hilo jeupe imechorwa na mtu ambaye hakutembea kwa miguu. Kazi ya kwanza ya mpango wowote ni kuhesabu kilichopo: majengo, miti, visima, watu, na shughuli zao za asubuhi na za jioni.

2. "Kamina haina ziwa wala bandari, kwa hiyo habari za kufufua kingo za maji hazituhusu."

SI KWELI. Bandari ni mahali ambapo mzigo unabadilisha chombo. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanyika Bukama: shehena ilishuka kwenye treni, ikapakiwa kwenye meli za mto na kuteremka na Lualaba. Njia ya Kamina na Kabalo ilipofunguliwa, mzigo uliweza kuuzunguka mto kwa reli moja kwa moja. Ili hilo liwezekane, njia ya upande wa ziwa ilipanuliwa kutoka milimita 1,000 hadi 1,067, sawa na reli ya Katanga.

Maana yake ni kwamba sehemu ya kazi ya ukingo wa Bukama ilihamia kwenye nyua za Kamina. Hadithi ya miji hii miwili ni moja. Anayepanga kufufua kituo cha Kamina bila kufikiria gati la Bukama anashona mkono mmoja wa shati.

3. "Jengo la zamani ni mzigo, heri kulibomoa na kujenga jipya."

MARA NYINGI SI KWELI. Bohari la reli lina vitu ambavyo mjenzi wa leo anavilipia ghali: paa la juu, nguzo zilizoachana, kuta nene, milango inayopitisha lori. Nairobi, mwaka 2003, ghala katika eneo la viwanda liligeuzwa kuwa GoDown Arts Centre, likawapa wachoraji, wachezaji na wanamuziki mahali pa kazi. Kinshasa, katika eneo la kiwanda cha nguo cha Utexafrica kilichozimika, leo kuna makazi, ofisi na kituo cha utamaduni cha Bilembo. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo kuna jambo la kuangalia kabla ya nyundo ya kwanza. Mapaa mengi ya enzi ya ukoloni yaliezekwa kwa eterniti yenye asbesto. Likiwa zima, bati hilo halina madhara makubwa. Likivunjwa, likikatwa au likitobolewa, vumbi lake huingia mapafuni na kuleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Hilo ni la kukaguliwa na fundi anayejua, na vijana wa mtaani wasikabidhiwe kazi ya kulipasua kwa malipo ya siku.

4. "Ardhi ya kiwanda husafishika kwa kupanda miti."

NUSU KWELI. Inategemea kilichobaki ardhini.

Mombasa wanao mfano wa kutia moyo. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Alijaribu aina 26; zilizostahimili ni tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje yalianguka bila kuoza mpaka walipoletwa majongoo, ambao waliyatafuna na kuyageuza mboji. Leo hapo ni Haller Park, penye msitu, viboko na twiga. Lakini machimbo yale yalikuwa na njaa ya udongo. Hayakuwa na sumu.

Lubumbashi ni habari nyingine. Tanuru la shaba lilianza kazi mwaka 1911, na moshi wa bomba lake ulishuka miaka nenda miaka rudi upande uendako upepo. Huko, kwenye eneo la Penga Penga, udongo ulijaa shaba, risasi, zinki na kadmi hata nyasi zikashindwa kuota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuotesha nyasi fupi ya kienyeji, Microchloa kunthii, kwa kuongeza chokaa na mbolea ya mabaki. Nyasi hiyo haiondoi metali. Kazi yake ni kuushika udongo ili vumbi lisipeperuke kuingia majumbani. Ni faida kubwa, ila haimaanishi kwamba hapo sasa panafaa kulimwa chakula. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na matanuru.

Kamina haikuwa na tanuru, na hiyo ni bahati yetu. Lakini karakana ya treni huacha dizeli, grisi, asidi na risasi za betri, na mafuta ya transfoma za zamani. Kabla mama hajapanda lengalenga kwenye uwanja wa karakana, udongo upimwe. Pale panapoonekana pabaya, pawekwe sakafu na kujengwa soko au ukumbi. Bustani ipelekwe mahali safi.

5. "Tengeneza ukingo upendeze, mji utapona wenyewe."

SI KWELI. Bustani ya Forodhani, Zanzibar, ilitengenezwa upya na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa mwaka 2009. Uhai wake wa jioni unatokana na wauza mishkaki, pweza na juisi ya miwa waliorudi pale. Ungewaondoa, ungebaki na nyasi na taa.

New York wana High Line, reli ya juu iliyopitisha treni ya mwisho mwaka 1980 na kugeuzwa bustani kuanzia 2009. Watalii walimiminika na bei za nyumba zikapanda. Mmoja wa waanzilishi wake, Robert Hammond, alikiri hadharani mwaka 2017 kwamba hawakuwatendea haki majirani wa kipato kidogo.

Na maji yenyewe yana neno lake. Katika miaka hii ya 2020 Ziwa Tanganyika limepanda na kufunika mitaa ya Kalemie, Uvira na Bujumbura. Anayejenga kando ya ziwa au mto na apime kwanza maji yamewahi kufika wapi, ndipo achague mahali pa kuweka benchi.

6. "Wanaokaa kwenye nyumba za reli ndio kikwazo, wakitoka, mambo yatakwenda."

SI KWELI, na katika saba haya ndilo linaloumiza zaidi.

Kampuni za Katanga hazikuajiri mikono peke yake. Zilitoa nyumba, unga, hospitali, shule ya watoto. Zilijifanya baba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa shaba, akawaita kwenye kichwa cha kitabu hicho *bana Shaba*, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya shaba ya Dola, waliondoka kazini katika mpango mmoja wa kupunguza watu. Wa reli nao wamepitia miaka ya malimbikizo ya mishahara. Mzee aliyebaki kwenye nyumba ya kampi mara nyingi yuko hapo kwa sababu nyumba ndiyo malipo pekee aliyoyaona.

Sheria nayo haisemi kwamba ardhi iliyolala ni ya atakayewahi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Dola. Mtu au kampuni hupewa haki ya kuitumia kwa hati. Kwa hiyo kabla ya kuuza kiwanja au kumhamisha mtu, hati zifunguliwe mezani, mbele ya wakaazi: nani ana haki gani, tangu lini, na deni lipi halijalipwa.

Tena wazee hao ndio kumbukumbu ya mahali. Wanajua bomba la maji linapita wapi na shimo la mafuta lilifukiwa wapi. Lubumbashi, tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekusanya masimulizi na vyombo vya wakaazi na kuvionyesha kwenye maonyesho. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu 1971. Kamina ina haki ya kuwa na chumba chake, na walimu wa kukijaza bado wapo hai.

7. "Mahali pa kazi panaweza kufufuliwa huku kazi ya zamani ikiendelea."

KWELI. Bandari ya zamani ya Cape Town imekuwa ikigeuzwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kuwa V&A Waterfront, yenye maduka na makumbusho, na bado boti za wavuvi hufunga kamba na meli hutengenezwa hapo. Watu huenda kutazama maji kwa sababu kuna kitu kinatendeka juu yake.

Kwa Kamina hili ni zaidi ya pambo. Ukijenga maduka juu ya njia za kupangia mabehewa, umeuza njia panda yenyewe, na njia panda ndiyo sababu mji huu upo. Bohari lisilotumika liwe soko la mahindi na samaki wa bonde la Upemba. Karakana yenye nafasi ifundishe vijana kuchomelea na kutengeneza injini, kwa vyuma vile vile walivyoshika babu zao. Lakini njia zibaki wazi na nafasi ya kupakia ilindwe, ili siku treni ya Kalemie na ya Kasai zikifika kwa wakati mmoja, zikute mahali pa kusimama na watu wenye mzigo wa kupakia.