Maziwa Yavukapo Mpaka

Tarehe 26 Aprili, 1986, kinu cha nguvu za atomiki kililipuka huko Chernobyl, Ukraine. Upepo haukuomba ruhusa mpakani. Vumbi lenye mionzi liliangukia malisho ya Belarusi, Poland na nchi nyinginezo za Ulaya. Ng'ombe wakala majani, na baada ya siku chache iodini yenye mionzi ikawamo katika maziwa. Huko Belarusi, Ukraine na Urusi, maelfu ya watu waliokuwa watoto wakati huo waliugua baadaye saratani ya tezi ya shingo, na maziwa yalikuwa sababu kubwa.

Mwezi Mei mwaka huo, Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya iliweka kikomo cha bekereli 370 za siziamu kwa kila kilo ya maziwa yatokayo nje ya Jumuiya. Lakini kikomo ni maneno matupu iwapo maabara moja itasoma 300, na ya nchi jirani 450, kwa maziwa yaleyale.

Je, kipimo huaminikaje? Kwanza ni kinga. Ardhi na kuta zina mionzi ya asili. Hivyo sampuli huwekwa ndani ya boma la risasi, na mionzi hiyo ya asili hupimwa peke yake na kutolewa katika hesabu. Pili ni subira. Chombo kikihesabu mapigo 100 tu, kosa la kawaida ni asilimia 10. Kikihesabu 10,000, kosa hushuka hadi asilimia 1. Tatu ni tarehe. Iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8. Sampuli isiyoandikwa siku ilipochukuliwa ni sawa na kielelezo kilichofikishwa mahakamani bila maelezo.

La nne, na kubwa zaidi, ni kulinganisha. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, limekuwa likitoa unga wa maziwa ambao kiasi cha mionzi yake kinajulikana. Maabara huupima, na inayokosea hurekebisha chombo chake, kama askari arekebishavyo bunduki yake kwa shabaha kabla ya kushika lindo.

Mlinzi wa mpaka haioni mionzi wala hainusi. Tegemeo lake ni tarakimu iliyo katika karatasi. Tarakimu hiyo ikiwa ya kubahatisha, ama mtoto atakunywa sumu, ama mfugaji asiye na hatia atamwaga maziwa yake. Majirani wanaotaka kuaminiana hawana budi kukubali mizani moja.