Muziki wa Kutisha Hautishi

"Mwalimu, nipakue wapi muziki wa kutisha wa bure?" Swali hili hunifuata kutoka Keroka hadi Suneka, na kila anayeniuliza ana onyesho lile lile: mama yuko peke yake nyumbani usiku, mwizi anakuja. Fidla zimeshatandazwa tangu sekunde ya kwanza, kisha mhariri anashangaa kuona watazamaji wakipiga gumzo.

Jibu la wapi sitoi. Muziki huo ndio unaoua onyesho. Ukiupiga kabla hata hatua za mwizi hazijasikika, umeshatoboa siri: mtu mbaya yuaja, kaeni tayari. Anayejua kinachokuja haogopi, anasubiri tu kiishe.

Hapo ndipo waulizaji huniletea filamu ya Psycho ya Hitchcock, ya 1960, wakidhani wamenimaliza. Basi isikilizeni tena, safari hii mkiwa mmefumba macho. Mwanamke anaoga. Hakuna muziki, ni maji tu, yanamwagika na kumwagika. Fidla za mtunzi Bernard Herrmann huingia pazia linapovutwa, si kabla, na zikiisha maji ni yale yale, yanaendelea kana kwamba hakuna aliyekufa. Hitchcock mwenyewe alitaka mauaji yale yapite bila muziki wowote. Herrmann akambadilisha nia, lakini hakuyagusa maji.

Halafu kuna ule mvumo mzito wa chini, dawa yenu ya pili. Mtazamaji wa Nyamira anatazama kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kutoa mitetemo 40 kwa sekunde hata uibembeleze vipi. Mmeweka sauti isiyosikika. Heri obokano, ala ya nyuzi ya Wakisii: nyuzi zake nane huvuma kwa mkwaruzo, na ndani ya mkwaruzo huo mna sauti za juu ambazo hata spika ndogo huzipitisha. Uzi mmoja tu, tafadhali, si wimbo mzima wa harusi.

Tuseme nyumba ya yule mama iko Kebirigo, kando ya shamba la chai. Nyenje, vyura, mbwa wa mbali. Waache walie mpaka mtazamaji awasahau. Bodaboda inapanda kilima, inakaribia, injini inazimwa kabla ya kufika getini. Mbona pale? Nyenje wa karibu na ua wananyamaza, na aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa maana yake. Mama anaacha kusonga ugali, mwiko ungali mkononi. Hatujamwona mtu yeyote bado.

Mengine upesi upesi. Kimya si kufuta sauti. Ukifuta kabisa, mtu ataikagua simu yake akidhani imeharibika. Rekodini dakika nzima ya chumba kikiwa kimetulia, muipitishe chini ya kila mkato. Sauti za mazingira zishushwe polepole. Mazungumzo yarekodiwe asubuhi, maana mvua ya alasiri ya Kisii ikishapiga mabati hamtaokoa hata neno. Maiki iwe karibu na mdomo, si juu ya kamera. Komeo, kufuli na hatua zirekodiwe baadaye, moja moja, kwa karibu. Kazi ikiisha, isikilizeni kwa simu ya bei ya chini, sauti nusu, katikati ya stendi ya matatu. Na kama bado mnautaka muziki, uanze baada ya mlango kufunguka.