Kupakua si kurudufu: Neno linalompoteza mwanafunzi wa programu

MIONGONI mwa vitenzi ambavyo teknolojia imevitwika mzigo mpya ni ‘kupakua’. Kwa asili, mtu hupakua wali kutoka chunguni au shehena kutoka melini. Siku hizi tunapakua nyimbo, fomu na stakabadhi kutoka intanetini, wala hakuna anayeuliza chungu kimepungua kwa kiasi gani. Matumizi hayo yamekubalika na sina ugomvi nayo. Tatizo huzuka kitenzi hicho kinapopewa kazi isiyokuwa yake.

Wanaoandika programu za tarakilishi aghalabu hushirikiana, wawe watatu au mia tatu, kila mmoja akiwa kwake. Msimbo wao huwekwa katika hifadhi moja ya pamoja, na anayetaka kushiriki huanza kwa kuiingiza hifadhi hiyo katika tarakilishi yake. Katika mfumo wa Git, ambao umeenea mno, amri ya kufanya hivyo ni ‘git clone’ ikifuatwa na anwani ya hifadhi. Vijana wetu hawana muda wa kuwasubiri wanaistilahi. Wao husema tu, “Nishakloni repo.” Mwalimu anayetaka kuwafunza kwa Kiswahili naye huandika ubaoni: ‘Pakueni msimbo.’

Hapo ndipo mwanafunzi hupotea njia. Katika tovuti ya GitHub mathalani, kweli kuna mahali pa kupakua, na ukipabonyeza utapewa faili zote zikiwa zimefungwa katika furushi moja. Utalifungua, utazisoma, pengine hata programu yenyewe itafanya kazi barabara. Lakini siku utakaporekebisha kosa na kutaka kuwafikishia wenzako marekebisho hayo, utagundua kwamba furushi lako halina uhusiano wowote na hifadhi lilikotoka. Nao wakibadilisha kitu, wewe huna habari hadi upakue furushi jingine na kuanza kulinganisha faili, moja baada ya nyingine. Uliandaliwa sahani sebuleni, jikoni hukukanyaga.

Anayetumia amri ile hupata faili pamoja na historia yake: nani alibadilisha mstari upi, tarehe gani, na maelezo gani aliyaacha alipofanya hivyo. Isitoshe, tarakilishi yake hukumbuka hifadhi ilikotoka. Git hukiita chanzo hicho ‘origin’, yaani asili. Kwa kumbukumbu hiyo, anaweza kuvuta mabadiliko mapya ya wenzake wakati wowote, na kuyasukuma yake kwao iwapo ana idhini. (Idhini ni suala jingine kabisa. Kuwa na hifadhi nzima nyumbani kwako hakukupi ruhusa ya kugusa ile ya pamoja.)

Mambo hayakuwa hivi katika mifumo iliyotangulia kama CVS na Subversion. Humo historia ilikaa katika seva moja, na mshiriki alipewa toleo la kufanyia kazi tu. Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005, baada ya waundaji wa kiini cha Linux kuondolewa leseni ya bure ya BitKeeper, mfumo waliokuwa wameutumia tangu 2002. Katika Git, kila mshiriki anaweza kuwa na hifadhi kamili. Seva ikiungua leo, mmoja wao anaweza kuirejesha kutoka kwake.

Basi tukiite nini kitendo hiki? Wapo wanaopendekeza ‘kunakili’. Ni neno zuri, lakini tayari limeshikwa na kazi ya kunakili na kubandika maandishi. Tena lina mazoea yake. Muhammad Kijuma wa Lamu aliwanakilia watafiti kama Alice Werner na Ernst Dammann miswada ya tenzi. Nakala ya karatasi hubeba beti. Haisemi ni nani aliyeongeza ubeti upi na lini. Mtafiti anayekuta mswada mmoja una beti zisizo katika mwingine hana budi kupima na kukisia.

Neno la Kiingereza lenyewe limetokana na Kigiriki, lenye maana ya kijiti au tawi changa, na lilianza kutumiwa na wataalamu wa mimea mwaka wa 1903. Mkulima wa Kilifi au Busia analijua jambo hilo bila Kigiriki. Hukata pingili ya muhogo, akaichomeka ardhini, ukamea muhogo mzima wa aina ile ile, ambao nao utatoa pingili nyingine. Ule wa kwanza ukikauka, huu hautikisiki. Kwa maoni yangu, ‘kurudufu’ ndicho kitenzi kinachokaribia wazo hilo zaidi: kitu kizima kinakuwa viwili. Kuhusu hifadhi, wapo wanaoiita ‘hazina’, ila hapa Kenya neno hilo humkumbusha mtu bajeti na kodi, kwa hivyo nitabaki na ‘hifadhi’.

Tofauti ya maneno haya ina upande wa hatari pia. Chukua mfano wa mwandishi wa programu anayesahau nywila ya benki ya data ndani ya msimbo, akaiweka katika hifadhi ya umma, kisha akashtuka na kuifuta. Anayepakua furushi siku inayofuata haioni. Anayerudufu hifadhi anaipata, imetulia katika historia pamoja na tarehe iliyoingizwa. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kuibadilisha nywila hiyo mara moja. Kazi ya kusafisha historia itafuata, na hata ikifanywa vizuri, haitafika kwenye tarakilishi za waliokwisha kurudufu.