Mchicha na Kabichi: Mimea Miwili, Jua Moja

Katika bustani ya shule iliyo mwambao wa pwani, mwezi wa Januari, si ajabu kukuta matuta mawili yaliyopakana yakiwa na sura zisizolingana. Tuta la mchicha limefunikwa na majani mapana, ingawa ni wiki nne tu zimepita tangu kupandwa. Tuta la kabichi, lililopata samadi ile ile na maji yale yale, lina majani yanayolegea kila adhuhuri, yaliyotobolewa na viwavi, wala hayaonyeshi dalili ya kufunga. Aghalabu lawama humwangukia mwanafunzi mwenye zamu ya kumwagilia. Sababu hasa, hata hivyo, imo ndani ya jani lenyewe.

Asili ya mimea hii

Kabichi ni ya spishi iitwayo Brassica oleracea, ambayo asili yake ni pwani za Ulaya. Sukuma wiki, koliflawa na brokoli ni spishi hiyo hiyo. Tofauti zake zimeletwa na uchaguzi wa wakulima wa karne nyingi. Mmea huu hustawi katika hali ya hewa ya nyuzi 15 hadi 20 za Sentigredi. Joto likizidi nyuzi 25 kwa muda mrefu, vichwa huwa vyepesi au havifungi kabisa. Ndiyo maana kabichi imefanikiwa katika nyanda za juu, mathalan Lushoto, mji ulio kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Mchicha ni jina la spishi kadhaa za jenasi ya Amaranthus. Baadhi yake zina asili ya Amerika, ambako Waazteki walizilima kwa ajili ya nafaka kabla ya Wahispania kufika. Mchicha hupendelea joto la nyuzi 25 hadi 35, yaani joto lile lile linaloidhoofisha kabichi.

Kiwanda ndani ya jani

Kila jani la kijani hutengeneza chakula kwa usanisinuru: huchukua kaboni dayoksaidi kutoka hewani na, kwa nguvu ya mwanga wa jua, huigeuza kuwa sukari. Katika kabichi kazi ya kuinasa hewa hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho rubisko. Kimeng'enya hiki kina kasoro moja: mara nyingine hunasa oksijeni badala ya kaboni dayoksaidi, na mmea hupoteza sehemu ya kaboni uliyokwisha kuipata. Kadiri joto linavyopanda ndivyo makosa hayo yanavyoongezeka.

Mchicha una njia ya kuikwepa hasara hiyo. Katika seli za nje za jani, kimeng'enya kingine, kisichovutwa na oksijeni, hunasa kaboni dayoksaidi na kuifanya asidi yenye atomi nne za kaboni. Asidi hiyo husafirishwa hadi kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, na huko kaboni dayoksaidi huachiliwa kwa wingi mbele ya rubisko. Ikizungukwa na kaboni dayoksaidi nyingi namna hiyo, rubisko haipati nafasi kubwa ya kukosea. Watafiti wa miwa huko Hawaii walichapisha dalili za njia hiyo mwaka 1965, na mwaka uliofuata M. D. Hatch na C. R. Slack, waliokuwa wakifanya kazi Australia, wakaifafanua. Mahindi, mtama na muwa hutumia njia hiyo pia.

Faida ya pili inahusu maji. Jani huingiza hewa kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata, na kwa vitundu hivyo hivyo hupoteza maji. Kwa kuwa mchicha hunasa kaboni dayoksaidi kwa ufanisi, hauhitaji kuvifungua sana. Kwa kawaida mimea ya kundi la mchicha hutumia gramu 250 hadi 350 za maji ili kujenga gramu moja ya mmea mkavu, ilhali mimea ya kundi la kabichi hutumia gramu 450 hadi 950. Hata hivyo, kuvumilia jua si kutohitaji maji. Mchicha uliokosa maji hutoa maua mapema, na majani yake hubaki madogo na magumu. Isitoshe, hupenda sana naitrojeni. Ndiyo sababu hujiotea wenyewe kandokando ya mazizi.

Jikoni na sokoni

Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina kiasi cha miligramu 215 za kalsiamu na zaidi ya miligramu 2 za chuma. Uzito huo huo wa kabichi una takriban miligramu 40 za kalsiamu na nusu miligramu ya chuma. Kwa vitamini C mboga hizi hazipishani sana. Tofauti kubwa ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A: mchicha unayo kwa wingi, na kabichi nyeupe ina kidogo mno. Mtoto anayekosa vitamini hiyo hushindwa kuona vizuri magizani, na upungufu ukizidi huweza kupofuka kabisa.

Yafaa ieleweke pia kwamba mchicha una asidi ya oksaliki, ambayo huizuia sehemu ya kalsiamu isifyonzwe na mwili. Kuuchemsha na kumwaga maji yake hupunguza asidi hiyo, ingawa vitamini C nayo hupungua. Karotini, kwa upande wake, hufyonzwa vizuri ikiliwa pamoja na mafuta. Kwa hiyo mpishi anayeunga mchicha kwa tui la nazi au kwa karanga anafuata kanuni sahihi ya lishe.

Kabichi nayo ina sifa yake. Kichwa chake kigumu husafiri mamia ya kilometa na kukaa siku nyingi bila kuharibika, ilhali fungu la mchicha hunyauka siku ile ile. Kwa mkulima wa milimani aliye mbali na soko, hilo ni jambo kubwa.

Nani mwenye mbegu?

Mchicha ulioachwa ukomae hutoa maelfu ya mbegu ndogo, na gramu moja hubeba zaidi ya mbegu elfu moja. Shule inaweza kujiwekea mbegu zake mwaka hadi mwaka. Kabichi haitoi maua mpaka ipitie wiki kadhaa za baridi, kwa kawaida chini ya nyuzi 10. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki baridi hiyo haipatikani, hivyo mbegu hununuliwa kila msimu. Aina chotara zinazostahimili joto zipo, lakini nazo hununuliwa vivyo hivyo.

Jaribio kwa darasa

Wanafunzi wapande mche mmoja wa mchicha na mmoja wa kabichi katika makopo mawili yanayolingana, yenye udongo wa aina moja. Miche ikishakua, udongo umwagiliwe na ufunikwe kwa nailoni kuzunguka shina, ili maji yatoke kwa njia ya majani tu. Makopo yapimwe kwa mizani kila asubuhi kwa siku tano, na uzito uliopungua uandikwe. Mwishoni majani yachorwe kwenye karatasi ya miraba, eneo lake lihesabiwe, na maji yaliyopotea yagawanywe kwa eneo hilo.

Shule ya milimani na shule ya pwani zikilinganisha hesabu zao, kila moja itakuwa na hoja yake ya kuchagua mboga ya kupanda. Bustani iliyo pwani ikipanda kabichi kwa sababu tu mchicha hudharauliwa kuwa mboga ya maskini, itamwaga maji mengi na kununua mbegu kila msimu, na watoto watapata vitamini A kidogo kuliko ile waliyoiacha ikijiotea karibu na zizi.