Kutoroka ili Kuoana: Walii, Masafa ya Marhala Mbili na Ndoa ya Kilimani



Imamu mmoja wa upande wa Karagwe ametuletea masuala mawili kwa pamoja, naye anaomba tuyajibu kwa urefu kwa kuwa, kwa maneno yake, yanamrudia kila msimu wa kahawa. La kwanza ni la kijana na binti, Waislamu wote wawili na watu wazima, ambao baba wa binti amewakatalia. Wamepanga kuondoka usiku, wavuke mto Kagera pale Murongo, wafike Mbarara nchini Uganda, na huko wafungishwe ndoa na sheikh yeyote. Wamesikia kwamba walii akiwa mbali kwa marhala mbili, idhini yake haitakiwi tena. La pili ni la binti wa Kyerwa aliyesilimu, na wazazi wake ni Wakristo. Yeye na mchumba wake wanataka ndoa ifungwe juu ya kilima, mbele ya watu wachache mno, mfano wa wanayoyaona katika simu: Wazungu wawili wamesimama katika jangwa la Utah au Joshua Tree huko Marekani, pamoja na mfungishaji na mpiga picha, basi.

Wengi wakisikia masuala haya watalistukia zaidi la pili, kwa kuwa lina harufu ya ugeni. Sisi tunaona kinyume. Hilo la kilima lina njia nyepesi katika fiqhi, na hilo la Mbarara, lililovaa kilemba cha vitabu vyetu wenyewe, ndilo lenye mashaka.

Tuanze na mahali. Nguzo za ndoa katika madhehebu ya Imamu Shafii (r.a.) ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Jengo halimo katika nguzo hizo. Kufunga ndoa msikitini kumependezwa na wanachuoni wengi, lakini hakuna aliyesema kuwa ndoa ya uwandani imebatilika kwa sababu ya uwanda. Mwaka wa 7 Hijria Mtume (s.a.w.) alimwoa Bibi Safiyya (r.a.) katika safari ya kurudi kutoka Khaybar, na karamu yao ilikuwa njiani: tende, maziwa yaliyokaushwa na samli, vikatandazwa juu ya ngozi, watu wakala. Mwaka huo huo, baada ya Umra ya Kadha, ilikuwa ndoa ya Bibi Maymuna bint al-Harith (r.a.). Makureshi walikataa Waislamu wasizidishe siku Makka hata kwa ajili ya karamu, basi Mtume akakutana na mkewe Sarif, nje ya mji, katika jangwa. Huko huko Sarif ndiko alikozikwa Bibi Maymuna miaka mingi baadaye.

Ndugu msomaji, tazama lililokuwamo katika habari hizo mbili. Kwa Bibi Safiyya jeshi zima lilijua na likala. Kwa Bibi Maymuna, yeye alimkabidhi jambo lake Abbas (r.a.), mume wa dada yake, naye ndiye aliyemwozesha. Jangwa lilikuwapo, lakini siri haikuwapo, wala hakuna aliyetoroka.

Kwa hiyo vijana wanaotaka kilima wapewe kilima. Watu wachache si kasoro maadamu walii yupo na mashahidi wawili waadilifu wapo, wanasikia tamko la pande zote mbili. (Upepo wa milima ya Karagwe si mchezo, nasi tunawaomba maimamu wahakikishe mashahidi wamesikia, wasiwe wameona midomo tu.) Kilicho kibaya ni kuwaambia mashahidi wafiche. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliletewa habari ya ndoa iliyoshuhudiwa na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, akaita hiyo ni ndoa ya siri na akasema hairuhusu. Imamu Malik na wafuasi wake walikwenda mbele zaidi, wakaona kuagiza mashahidi wanyamaze kunaiharibu ndoa hata wakitimia. Wakishuka kilimani wapike walima, japo wa mbuzi mmoja, majirani wajue. Na kama kilima chenyewe kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe au ya Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019, wasiingie bila kibali cha wenye hifadhi.

Sasa masafa. Asili yake ni sahihi, nayo imo katika Minhaj ya Imamu Nawawi inayosomwa katika madarasa yetu: walii wa karibu akiwa safarini umbali wa marhala mbili, sultani, yaani mwenye mamlaka ya hukumu, humwozesha binti kwa niaba yake. Akiwa karibu zaidi ya hapo, haozeshi ila kwa idhini ya walii. Marhala mbili ni farsakh 16, na wanachuoni wa sasa huzikadiria kati ya kilomita 80 na 90. Kwa ndugu zetu Wasomali jambo hili limekuwa ada yenye jina lake, masaafo: vijana wakikataliwa huondoka mji wao, wakahesabu kilomita 90 hivi, wakamtafuta sheikh. Malaysia nako wapo wanaovuka mpaka kuingia kusini ya Thailand kwa hoja iyo hiyo.

Kwa hesabu ya kilomita, vijana wetu hawana haja hata ya Uganda. Kutoka Kayanga hadi Bukoba mjini kunavuka marhala mbili, wakiwa bado ndani ya mkoa mmoja! Hili peke yake litufikirishe. Je, sharia ilikusudia haki ya baba iondoke kwa nauli ya basi?

Mas'ala yaliwekwa kumwokoa binti ambaye walii wake yuko mbali, hapatikani, na mchumba anayefaa amesimama mlangoni. Hapo walii ndiye aliyeondoka. Katika kutoroka walii yuko nyumbani kwake, anapalilia migomba, na ni binti aliyeondolewa. Wapo wanachuoni wa Kishafii wanaosema ndoa hiyo ikifungwa na hakimu wa sharia wa mahali alipo binti, na mume ni kufu yake, inasihi, ingawa wamepata dhambi. Hatuwezi kuwatoa watu katika ndoa zao kwa ukali kuliko wanachuoni hao. Lakini angalia sharti lao: hakimu. Hawakusema sheikh yeyote utakayemkuta. Mwalimu wa madrasa asiye na wadhifa wala hakukabidhiwa jambo hilo na mwenye wadhifa hana mamlaka ya sultani, na umbali haumpi. Tena barabarani kuna jambo lisilosemwa: mpaka tamko litamkwe, huyo kijana si maharimu wa binti anayesafiri naye usiku.

Na hao walii walio mbali kweli, walioko Dar es Salaam au Muscat? Zamani barua kutoka pwani hadi Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu katika Karagwe ya Mukama Rumanyika, ilikwenda kwa miguu ya wapagazi kwa miezi. Leo baba anapigiwa simu akiwa kazini, anamkabidhi ndugu yake au imamu uwakala wa kuozesha, na mambo yanakwisha kabla ya alasiri. Uwakala kwa simu hauna tatizo ikiwa sauti inajulikana. Kufunga ndoa yenyewe kwa simu ndiko kuliko na mushkeli, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, iliporuhusu mikataba kwa vyombo vya mawasiliano iliivua ndoa kwa sababu ya sharti la mashahidi.

Lakini baba aliye karibu na anakataa? Hapa ndipo palipo kiini, na ndipo tunapowalaumu baadhi ya maimamu. Vijana hutoroka kwa kuwa hakuna aliyewaambia kuwa upo mlango. Ma'qil bin Yasar (r.a.), sahaba, alimzuia dada yake asirudiane na mume aliyemwacha, ilhali wenyewe wameridhiana. Ikateremka aya katika Sura al-Baqara kukataza mawalii wasiwazuie, Ma'qil akatii papo hapo. Kuzuia huko huitwa adhl. Mwanamke mwenye akili na aliyebaleghe akiomba kuozeshwa kwa mtu anayelingana naye, na walii akakataa bila sababu ya kisharia, hakimu humtaka aozeshe, akishikilia kukataa humwozesha yeye. Kabila si sababu. Kwamba kijana ni Mnyambo na binti ni Mhaya, au kwamba babu yake alikuja kutoka Rwanda, haya hayamfanyi asiwe kufu katika dini. Mahari nayo si sababu: ni mali ya binti, na akiridhia kidogo baba hana haki ya kuzuia ndoa akingojea bei ya kahawa ipande.

Kwa uaminifu tuseme na upande wa baba. Ikiwa binti ni bikira, naye amemtaja kufu mmoja na baba anampendekeza kufu mwingine, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa baba hajafanya adhl kwa hilo tu. Hata hivyo hawezi kumburura binti. Khansa bint Khidham (r.a.), aliyekwisha kuolewa kabla, aliozwa na babaye bila ridhaa na Mtume (s.a.w.) akaivunja ndoa, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka hiari ya wote wawili.

Ni nani basi hakimu wa Kayanga au Nkwenda? Tangu miaka ya 1960 Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi yenye nguvu za dola, tofauti na Zanzibar na Kenya. Waislamu walio chini ya BAKWATA watapeleka jambo kwa sheikh wa wilaya na kadhi aliyewekwa. Wasiokuwa chini yake, na pale ambapo kadhi hapatikani, wanachuoni wamefungua njia ya tahkim: pande mbili kumkabidhi mtu mwadilifu, mjuzi wa mas'ala, awe mwamuzi. Kwa vyovyote, baba aitwe kwanza, asikilizwe, na maneno yake yaandikwe.

Binti aliyesilimu ana hukumu nyingine. Baba asiye Mwislamu hana uwalii juu ya binti Mwislamu, lakini usirukie kwa kadhi. Bibi Umm Habiba (r.a.) alipoolewa na Mtume (s.a.w.) akiwa Uhabeshi, baba yake Abu Sufyan alikuwa bado hajasilimu, na aliyesimama upande wake ni Khalid bin Said, Mwislamu wa ukoo wake. Basi mtafutie kaka, ami au mtoto wa ami aliye Mwislamu. Asipopatikana ndipo kadhi. Wazazi waendewe kwa mshenga na heshima kamili. Wakidai rubisi katika vitu vya posa, waelezwe kwa upole kuwa hiyo hatuwezi kuitoa, wapewe mbuzi au maji ya ndizi yasiyochachuka.

Serikali nayo isisahauliwe. Taarifa ya kusudio la ndoa hutolewa siku 21 kabla, na mfungishaji awe na leseni. Umri usichezewe: Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya mwaka 2016 kwamba vifungu vya kumruhusu binti aliye chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba, na kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30 tangu marekebisho ya 2016. Anayesaidia naye hukamatwa.

Kwa imamu wetu, basi: vijana wa kwanza wasivuke Murongo. Mwandikie baba barua yenye tarehe, umwite pamoja na wazee wawili, umsikilize sababu yake ni ipi, na ikiwa ni mahari au kabila, jambo liende kwa kadhi na nakala ya barua hiyo. Wale wa Kyerwa waanze kuhesabu siku 21 huku wakimuulizia ami wa binti. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kinachofaa kwa kilimani, na wapande mapema, warudi kabla ya adhuhuri.